Virginia Wade Hakuwa Bingwa wa Siku Moja

Kila mwisho wa Juni, mashindano ya Wimbledon yanapokaribia, hadithi ya Virginia Wade husimuliwa upya kwa maneno yale yale. Mwanamke wa Kiingereza alihangaika miaka mingi kwenye nyasi za nyumbani. Kila mwaka alikuja na matumaini, kila mwaka akaondoka mikono mitupu, na taifa likachoka kumsubiri. Kisha Ijumaa ya tarehe 1 Julai 1977, mwaka ambao Wimbledon ilitimiza miaka 100 na Malkia Elizabeth akatimiza miaka 25 kwenye kiti cha enzi, mambo yakamnyookea mchana mmoja. Akashinda mbele ya Malkia, umati ukamwimbia, akainua sinia la ubingwa. Hadithi ikaishia hapo.

Wengi wanaoisimulia hivyo humpenda Wade, na wanadhani wanamsifu. Lakini ndani ya sifa hiyo mna hukumu nzito: kwamba alikuwa mchezaji wa kiwango cha kati, mwenye moyo mwepesi, aliyebahatika mara moja mwaka wa sherehe. Hukumu hiyo hurudiwa magazetini na kwenye vipindi vya televisheni, na watu wanaoijua tenisi vizuri wameipokea bila kuihoji. Mimi naikataa, tena naikataa tangu kwenye mzizi wake.

Tuanze na mwaka ambao hadithi hiyo huuruka. Hadi mwanzoni mwa 1968, mashindano makubwa ya tenisi yalikuwa ya wachezaji wa ridhaa peke yao. Aliyekubali kulipwa hadharani alifungiwa mlango, na waliobaki ndani walipewa fedha chini ya meza huku kila mtu akijifanya haoni. Aprili ya mwaka huo unafiki huo ulivunjwa. Mashindano ya kwanza kabisa kuwaruhusu wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa wakutane uwanja mmoja yalifanyika Bournemouth, kusini mwa Uingereza. Ni mji ambao Wade alizaliwa Julai 1945, kabla ya baba yake, kasisi wa Kianglikana, kuihamishia familia Afrika Kusini, ambako binti huyo alijifunzia tenisi mjini Durban. Sasa alikuwa na miaka 22. Alitwaa ubingwa wa wanawake, na zawadi yake ilikuwa pauni 300. Hakuichukua, kwa sababu bado alikuwa amejiandikisha kama mchezaji wa ridhaa.

Miezi mitano baadaye alikuwa Forest Hills, New York, kwenye mashindano ya kwanza ya Marekani chini ya utaratibu huo mpya. Nusu fainali alimtoa Mwingereza mwenzake, Ann Jones. Fainali alikutana na Billie Jean King, bingwa mtetezi wa Marekani, mwanamke aliyekuwa ametoka kushinda Wimbledon mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Wade alimfunga 6-4, 6-2. Safari hii alichukua fedha yake: dola 6,000, wakati zawadi ya bingwa wa wanaume ilikuwa dola 14,000.

Ninaomba msomaji atue hapa kidogo. Upande wa wanaume, bingwa wa mashindano hayo hayo alikuwa Arthur Ashe. Ushindi wa Ashe, Mmarekani mweusi katika mwaka ambao Martin Luther King aliuawa, unakumbukwa na dunia nzima kwa haki kabisa, na uwanja mkuu wa mashindano hayo leo una jina lake. Siku zile zile, kwenye nyasi zile zile, mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa amemaliza shahada ya hisabati na fizikia Chuo Kikuu cha Sussex miaka miwili tu kabla alimshinda mchezaji bora wa dunia nyumbani kwake kwa seti mbili kavu. Bingwa wa kwanza mwanamke wa Marekani katika zama za tenisi ya wazi ni yeye. Nyumbani kwao jambo hilo limegeuzwa kuwa kidokezo, sentensi ya kupitia kabla ya kufika 1977.

Najua jibu linalotolewa. Husemwa kwamba King alikuwa na goti bovu. Ni kweli kwamba alifanyiwa upasuaji wa goti muda mfupi baada ya mashindano yale. Lakini goti hilo hilo lilimfikisha fainali, na njiani lilimwezesha kumtoa Maria Bueno wa Brazil, ambaye si mtu wa kushindwa na kiwete. Katika mchezo huu kila mchezaji wa juu huingia fainali na kitu kinachomuuma. Tukianza kufuta ubingwa kwa sababu ya magoti, vifundo na mabega, vitabu vya kumbukumbu vitabaki kurasa nyeupe. Na mbona goti hukumbukwa zaidi pale anayenufaika ni Wade?

Miaka minne isiyotimia baadaye, Januari 1972, aliongeza ubingwa wa Australia pale Kooyong, Melbourne, kwa kumfunga Evonne Goolagong 6-4, 6-4. Hapa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mashindano ya Australia miaka ile yalikosa nyota wengi, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na zawadi ilikuwa ndogo. Margaret Court hakuwapo, King hakuwapo. Sitadai kwamba taji lile lina uzito wa la New York. Ila aliyesimama upande wa pili wa wavu alikuwa bingwa mtetezi wa Wimbledon na wa Ufaransa, binti wa nchi ile, akicheza mbele ya watu wake. Wade hakuokota taji lile mahali palipoachwa wazi.

Mwaka 1971 alikuwa tayari ameshinda ubingwa wa Italia, kwenye udongo, ardhi ambayo wengi huamini haikumfaa. Halafu kuna mchezo wa wawili wawili, ambao wanaozungumzia tenisi siku hizi huudharau kana kwamba ni burudani ya jioni. Akiwa na Court, Wade alichukua mataji manne makubwa: Australia, Ufaransa na Marekani mwaka 1973, na Marekani tena 1975. Mwaka 1973, kwa hiyo, yeye na mwenzake walikosa Wimbledon tu kukamilisha yote manne. Ungedhani jambo la namna hiyo lingetajwa angalau mara moja katika kila makala inayoandikwa juu yake. Halitajwi.

Nitoe na hesabu, maana wanaosema alikuwa wa kiwango cha kati hawapendi hesabu. Kuanzia 1967 hadi 1979, miaka 13 bila kukatika, Wade alihesabiwa miongoni mwa wachezaji kumi bora wa kike duniani. Novemba 1975, viwango vya wanawake vilipoanza kupangwa kwa kompyuta, alikuwa wa pili duniani. Alimaliza na mataji 55 ya mchezaji mmoja mmoja na ushindi wa mechi zaidi ya 800. Mpaka leo yeye peke yake, kati ya wanawake wote wa Uingereza katika zama za tenisi ya wazi, ndiye aliyetwaa mataji matatu kati ya manne makubwa katika mchezo wa mmoja mmoja. Mtu huyo ndiye anayeitwa bingwa wa mchana mmoja.

Kosa hili limetoka wapi? Limetokana na mazoea ya Uingereza kuiangalia tenisi wiki mbili tu kwa mwaka. Wimbledon ikianza, kila mtu ni mjuzi. Ikiisha, raketi hurudishwa kabatini na magazeti hurudi kwenye kriketi na mpira wa miguu. Mchezaji anayeshinda New York mwezi Septemba au Melbourne mwezi Januari ameshinda wakati taifa lake halitazami. Wahenga wetu walisema mcheza kwao hutuzwa, na Wade aliishi upande wa pili wa methali hiyo: ugenini alituzwa, kwao wakamwambia ngoma haijaanza. Kilichopimwa hakikuwa uwezo wake. Kilipimwa kile ambacho watazamaji walibahatika kukiona wakiwa kwenye makochi yao.

Hata tukikubali kumpima kwa Wimbledon peke yake, picha ya mwanamke aliyekuwa akianguka mlangoni kila mwaka ni ya uongo. Alifika robo fainali mwaka 1967, akarudia 1972 na 1973. Mwaka 1974 alifika nusu fainali. Mwaka 1975 alitolewa robo fainali na Goolagong katika mechi iliyoamuliwa kwa 9-7 seti ya tatu, na mwaka uliofuata alikuwa tena nusu fainali, akashindwa na Goolagong yule yule. Tazama alikuwa akiishi zama za nani: King, Court, Goolagong, Chris Evert, na mwishoni Martina Navratilova. Sijui kipindi kingine katika tenisi ya wanawake ambapo wachezaji wengi wa kimo hicho walipangana foleni moja. Kushindwa na mmoja wao robo fainali kulikuwa jambo la kawaida kwa kila mwanamke mwingine aliyeshika raketi.

Walikuwapo pia waliomshinda ambao hawakustahili kumshinda, sikatai. Wimbledon ya 1968 ni mfano mchungu: alifika akiwa bingwa wa Bournemouth, akatolewa raundi ya kwanza. Miaka mitatu iliyofuata pia hakufika robo fainali. Kuna watu hutumia matokeo hayo kama ushahidi wa mwisho. Lakini mwanamke aliyetolewa raundi ya kwanza London mwezi Juni 1968 ndiye aliyemfunga King New York mwezi Septemba mwaka huo huo. Ukitaka kujua mchezaji huyu alikuwa nani, huwezi kuchukua Juni ukaitupa Septemba.

Hapo ndipo shtaka la pili huingia, na ndilo linaloniudhi kuliko mengine: shtaka la moyo. Inasemwa alikuwa na kipaji kikubwa kilichoharibiwa na hasira na woga. Akikosea mpira rahisi aliinamisha kichwa, akakunja uso, akajigombeza. Mchezo ukimharibikia ulimharibikia kwelikweli. Haya aliyasema hata yeye mwenyewe. Alikuwa mchezaji wa kushambulia, mwenye servisi nzito na mbio za kwenda wavuni, na mchezo wa namna hiyo hauna pa kujificha: siku mkono ukikataa, kila mtu anaona. Anayecheza nyuma ya uwanja akirudisha mipira kwa subira anaweza kuwa na siku mbaya bila mtu kugundua.

Ila tulinganishe hukumu na hukumu. Miaka hiyo hiyo Ilie Năstase alikuwa akiwatukana waamuzi na kuvuruga mechi nzima, na John McEnroe akaja nyuma yake na makelele ambayo dunia bado inayaiga. Hasira zao zikawa sehemu ya umaarufu wao, alama ya kipaji kisichofugika. Wade, ambaye hasira zake alizielekeza kwa nafsi yake, akaambiwa hana moyo. Mwanaume akichemka ana moto, mwanamke akichemka ana mishipa dhaifu. Hukumu hiyo haikutokana na tenisi hata kidogo, na inashangaza kwamba miaka yote hii baadaye bado hurudiwa na watu ambao mahali pengine popote wangeona aibu kuitamka.

Moyo dhaifu hauchezi Kombe la Wightman miaka 21 mfululizo. Kombe hilo lilizikutanisha timu za wanawake za Uingereza na Marekani kila mwaka, na Waingereza walikuwa wakipigwa karibu kila mara. Wade aliingia timuni 1965 na hakukosa mwaka hata mmoja hadi 1985. Ushindi ulipopatikana, 1968, 1974, 1975 na 1978, alikuwapo. Ule wa 1978, kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, uliamuliwa na mechi ya mwisho ya wawili wawili matokeo yakiwa 3-3. Wade na Sue Barker waliwashinda Chris Evert na Pam Shriver. Hakuna presha katika tenisi inayozidi ile ya kubeba timu nzima kwenye mechi ya mwisho, na aliibeba akiwa na miaka 33.

Sasa tufike 1977 kwenyewe, maana hata pale anapopewa sifa anapewa kwa sababu isiyo sahihi. Wanasema bahati. Waandaaji wa Wimbledon hawakuona bahati: walimpanga nafasi ya tatu, nyuma ya Evert na Navratilova. Mchezaji aliyepangwa wa tatu akishinda, kwa mchezaji mwingine yeyote tungesema amefanya kilichokuwa ndani ya uwezo wake. Kabla ya hapo alikuwa ametumia muda Marekani na kocha Jerry Teeguarden akiijenga upya servisi yake, akiwa na zaidi ya miaka 30, umri ambao wachezaji wengi wa wakati ule walikuwa wameshaaga. Mchezaji anayebomoa silaha yake kubwa na kuiunda tena katika umri huo hakai kungoja bahati.

Nusu fainali ndiyo mechi ambayo ingepaswa kuwa kiini cha simulizi hii. Alicheza na Evert, namba moja wa dunia, bingwa mtetezi wa Wimbledon, ambaye robo fainali alikuwa amemfagia King 6-1, 6-2. Wade alichukua seti ya kwanza 6-2. Evert akajibu kwa 6-4. Huu ndio wakati ambao, kwa mujibu wa hadithi, Wade alipaswa kusambaratika: seti ya mwisho, nyumbani, mbele ya adui asiyekosea. Alishinda seti hiyo 6-1. Alimpiga mchezaji mtulivu kuliko wote wa zama zake kwa utulivu. Wanaotaka kuzungumza juu ya moyo wa Virginia Wade waitazame seti hiyo kwanza.

Fainali haikuwa mechi nzuri, na hilo halina ubishi. Betty Stöve wa Uholanzi alimchukulia seti ya kwanza 6-4, na mchezo ulikuwa na makosa mengi pande zote mbili. Kisha Wade akashinda 6-3, 6-1. Katika seti mbili za mwisho Stöve alipata gemu nne tu. Kwa kuwa Stöve hakuwa jina kubwa, ushindi wenyewe hupunguzwa thamani. Lakini Stöve alikuwa amemtoa Navratilova robo fainali na Barker, bingwa wa Ufaransa wa 1976, nusu fainali. Mwaka huo alifika fainali zote tatu alizoweza kufika Wimbledon, ya mmoja mmoja, ya wawili wawili na ya mchanganyiko, akashindwa zote. Mtu wa namna hiyo ni mpinzani wa kweli, na kumdharau ili kumpunguza Wade ni kuwakosea wanawake wawili kwa pigo moja.

Wanawake hao wawili, isitoshe, walikuwa na historia ambayo matangazo ya siku ile hayakuwa na nafasi nayo. Juni 1973, katika hoteli ya Gloucester jijini London, Billie Jean King aliwakusanya wachezaji wa kike wakaunda chama chao, kile tunachokijua leo kama WTA. King mwenyewe husimulia kwamba alimwomba Stöve, kwa kuwa alikuwa mrefu na mwenye nguvu, asimame mlangoni asiruhusu mtu kutoka mpaka wakubaliane. King akawa rais, Wade makamu wa rais, Stöve mweka hazina. Miaka minne baadaye makamu wa rais na mweka hazina walicheza fainali ya Wimbledon. Bingwa wa kike alipata pauni 13,500, na Björn Borg, bingwa wa kiume, alipata 15,000. Pengo hilo lilikuwa limepungua sana kulinganisha na dola 6,000 kwa 14,000 za mwaka 1968, na halikupungua lenyewe. Ningependa kusikia habari hiyo ikisimuliwa kabla ya habari ya Malkia.

Kuna wanaosema pia kwamba Goolagong hakuwapo 1977, kwa kuwa alikuwa amejifungua Mei, na kwamba Court alikuwa anaelekea kustaafu. Ni kweli. Mashindano yote yamewahi kumkosa mtu. Waliokuwapo walikuwa Evert, King na Navratilova. Tungeambiwa ni nani hasa ambaye Wade angepaswa kumshinda ili ubingwa wake ukubalike? Mwaka uliofuata, akiutetea, alifika nusu fainali tena. Mwaka 1983, siku chache kabla ya kutimiza miaka 38, alikuwa robo fainali. Jumla alicheza Wimbledon mara 26, kuanzia 1962 hadi 1987, mara 24 kati ya hizo akiwa katika mchezo wa mmoja mmoja. Anayetaka kuita hayo bahati atafute neno jingine la kuita bidii.

Huenda msomaji akauliza kwa nini nishupalie jambo la mchezaji aliyekwisha kustaafu, mwenye nishani na jina lililoandikwa katika Ukumbi wa Heshima wa tenisi tangu 1989. Nalishupalia kwa sababu hadithi mbaya huzaa hadithi mbaya. Tarehe 7 Julai 2013 Andy Murray aliposhinda Wimbledon, vichwa vya habari vilitangaza kwamba Uingereza imempata bingwa wake wa kwanza baada ya miaka 77, tangu Fred Perry mwaka 1936. Baina ya Perry na Murray, Dorothy Round alishinda 1937, Angela Mortimer 1961, Ann Jones 1969 na Virginia Wade 1977. Wanawake wanne walifutwa kwa sentensi moja, na wa mwisho wao alikuwa hai, akifanya kazi ya utangazaji wa tenisi. Walioandika hivyo hawakuwa wajinga. Walikuwa wamezoea. Ukishakubali kwamba ubingwa wa Wade ulikuwa tukio la bahati lililopambwa na sherehe za Malkia, ni rahisi kuusahau unapohesabu mabingwa wa kweli.

Kipimo kilichomwonea Wade kimeendelea kutumika. Johanna Konta alifika nusu fainali ya Australia mwaka 2016, ya Wimbledon 2017 na ya Ufaransa 2019. Alifika nafasi ya nne duniani. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uingereza kufika nusu fainali Wimbledon tangu Wade mwenyewe mwaka 1978. Alipoaga mchezo Desemba 2021, wengi walimkumbuka kwa mechi kubwa alizopoteza. Nusu fainali tatu, kwenye ardhi za aina tatu tofauti, zikahesabiwa kuwa upungufu. Ni zile wiki mbili za Wimbledon tena, na ni lile shtaka la moyo tena, limehamishwa kutoka kwa mwanamke mmoja kwenda kwa mwingine bila kubadilishwa hata nguo.

Septemba 2021 Emma Raducanu, msichana wa miaka 18 aliyelazimika kupitia mechi za kufuzu, alishinda ubingwa wa Marekani. Wade alikuwa jukwaani New York akitazama. Siku hiyo, kwa ghafla, waandishi walikumbuka kwamba mwanamke wa mwisho wa Uingereza kushinda pale alikuwa huyu huyu, mwaka 1968, miaka 53 nyuma. Ilibidi msichana ashinde ili mama akumbukwe. Wiki chache baadaye habari ya 1968 ilirudi kabatini, na Raducanu mwenyewe akaanza kuulizwa atashinda Wimbledon lini.

Kwa hiyo ninawaomba waandishi wa michezo, wa Kiingereza na wa Kiswahili pia, kwa kuwa sisi hunakili makosa yao bila kuyakagua: mtakapoandika tena juu ya Virginia Wade, anzeni Forest Hills. Mtajeni Billie Jean King kabla ya Malkia. Andikeni matokeo ya seti ya tatu dhidi ya Evert. Wekeni miaka 13 ndani ya kumi bora pale mnapoweka miaka ya kusubiri. Na mtakapomtafuta mwanamke wa Uingereza aliyetwaa ubingwa wa mmoja mmoja Wimbledon baada yake, hamtampata, kwa sababu mpaka ninapoandika haya hajatokea.